Speke alikuwa anaongea Kisukuma?

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, mtanisamehe. Kwanza kulikuwa na fildi, halafu ikaja mitihani, halafu bumu likachelewa na kila mtu hapa chuo akawa anatembea kama amefiwa. Sasa nimerudi, na nimerudi na deni. Si deni la pesa (hilo nalo lipo, mama wa genge ananijua). Ni deni la swali nililoulizwa darasani na mwanafunzi wa Kidato cha Pili, nikashindwa kulijibu mbele ya vijana hamsini na kitu.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nafundisha ile mada ya mawakala wa ukoloni: wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara. Sote tuliisoma, sote tuliikariri. Nimeandika ubaoni kwa mbwembwe: Burton na Speke, 1857. Speke aliona ziwa, 1858. Stanley alimkuta Livingstone, 1871. Somo tunafundisha kwa Kiingereza kama mnavyojua, lakini maswali ya kweli huwa yanakuja kwa Kiswahili. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani huyo Speke alikuwa anaongea Kisukuma?"

Darasa likacheka. Mimi pia nikacheka, nikasema hapana, alikuwa na mkalimani. Nikadhani yameisha. Binti akauliza tena, "Mkalimani anaitwa nani?"

Hapo nikafanya ule ujanja wa walimu wote duniani. Nikasema, "Swali zuri sana, tutaliangalia kipindi kijacho." Kipindi kijacho kikaangukia siku ya usafi, wiki iliyofuata kukawa na michezo, na fildi ikaisha. Nikaondoka pale shuleni bila kumjibu yule mtoto. Limenikaa rohoni mpaka leo.

Kwa hiyo niliporudi niliingia maktaba, kule kwenye vitabu vya zamani vya Afrika Mashariki ambako ukikaa saa mbili unatoka unapiga chafya. Jibu la swali ni kwamba Speke hakuongea Kisukuma. Na mtu aliyemwongelea, angalau kiungo cha kwanza katika mnyororo wa waliomwongelea, anaitwa Sidi Mubarak Bombay. Leo naomba niwasimulie kazi ya maisha yake.

Kabla sijaanza, kisa kidogo cha chumbani. Rumeti wangu anasoma mambo ya mawasiliano ya umma. Ukutani juu ya kitanda chake amebandika tangazo la kazi alilokata gazetini: anatakiwa mshauri wa mawasiliano na uhusiano wa umma, awe na uwezo wa lugha zisizopungua tatu, awe na uzoefu wa kushughulika na serikali na jamii, uzoefu usiopungua miaka kumi. (Miaka kumi! Mtu aanze kazi akiwa chekechea?) Nilipomwambia namsoma mkalimani wa msafara wa Speke akasema, "Aa, mkalimani tu." Lile neno "tu" ndilo limenifanya niandike makala hii. Maana nilichukua tangazo lake nikalipitia sharti moja baada ya jingine, na Bombay anayo yote. Lugha tatu anazo. Kushughulika na watawala, amefanya. Uzoefu, miaka karibu ishirini. Na sehemu kubwa aliifanya kwa miguu.

Tuanze mwanzo. Alizaliwa kama mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kule kusini kati ya pwani na Ziwa Nyasa. Mama yake alifariki yeye angali mdogo sana. Alipokuwa na miaka kama kumi na miwili, wafanyabiashara kutoka pwani wakaja kijijini kwao na bunduki na panga. Walikuja kudai deni. Wakati wa njaa iliyopita waliwakopesha wanakijiji vitambaa na shanga, sasa wanataka walipwe palepale, na wanakijiji hawana cha kulipa. Bunduki zikalia, watu wakakimbia, waliokamatwa wakafungwa wakapelekwa Kilwa, kutoka Kilwa wakapakiwa kwenye jahazi mpaka soko la watumwa la Unguja. Mtoto yule akanunuliwa kwa vitambaa, akapelekwa India.

Angalieni hilo jina lake sasa. Bombay ni mji, huu ambao tangu 1995 unaitwa Mumbai. Sidi ni neno ambalo Wahindi walilitumia kwa watu wa asili ya Afrika waliokuwa kwao. Mubarak ni jina la Kiislamu lenye maana ya aliyebarikiwa. Jina alilopewa na baba yake kule Uyaoni halikuandikwa popote. Yaani mtu huyu tunamwita kwa jina la bandari aliyopelekwa kwa nguvu, kama vile mtu akutekenye kitambulisho, akuandike upya jina kwa kituo cha basi ulichoshukia.

India alikaa miaka mingi na huko ndiko alikojifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki, akapata uhuru wake. Akarudi Unguja, akajiunga na jeshi la Sultani, akapangiwa kwenye ngome ndogo upande wa Pangani. Mshahara mdogo, chakula cha shida. Mwanzoni mwa 1857, Richard Burton na John Hanning Speke walipita hapo wakati wanazunguka pwani kujiandaa na safari ya bara, wakamkuta.

Kwa nini walimchukua? Hapa ndipo lugha inapoingia. Burton alikuwa mtu wa lugha nyingi sana, Kiarabu kwake ilikuwa kama maji. Speke hakuwa hivyo. Alikuwa afisa wa jeshi la Waingereza kule India, na lugha pekee ya mashariki aliyoweza kuhangaika nayo ilikuwa Kihindustani, nacho cha kubabaisha. Afrika Mashariki nzima, Speke alihitaji mtu mmoja anayejua Kihindustani na Kiswahili kwa pamoja, na asiyeogopa kutembea. Akampata askari mwenye njaa kwenye ngome. Utumwa uliomnyang'anya Bombay kila kitu ndio uliompa ile lugha iliyomtafutia kazi. Sisemi hivyo kuusifia utumwa, Mungu apishe mbali. Nasema tu historia ina ukatili wa aina hiyo.

Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifia mtu, alimsifia Bombay kwa uchapakazi. Na ameandika kitu kilichonichekesha: kwamba Bombay mwenyewe alikiri wazi kuwa hachapi kazi kwa sababu anawapenda wao, anachapa kazi kwa ajili ya tumbo lake. Nilimsomea rumeti, akasema huyo ndiye mtaalamu wa kweli.

Msafara ukatoka pwani katikati ya 1857, ukafika Kaze, yaani Tabora, mwezi Novemba, na Ujiji Februari 1858. Kufika Ujiji, Burton hawezi kutembea na Speke macho yamevimba haoni vizuri. Vitabu vyetu vinasema hawa wawili "waligundua" Ziwa Tanganyika. Mmoja haoni, mwingine hatembei! Watu wa Ujiji walikuwa wanavua samaki humo kama kawaida.

Waliporudi Tabora, Speke akasikia zaidi habari za ziwa kubwa lililoko kaskazini. Mwarabu mmoja mwenyeji wa Kaze, Snay bin Amir, alikuwa amewaeleza mapema habari za maziwa. Burton akabaki, Speke akaondoka Julai 1858 na msafara mdogo, Bombay akiwa ndiye mdomo wake na masikio yake. Tarehe 3 Agosti 1858 akawa anaangalia Nyanza, upande wa Mwanza, ziwa ambalo alilibandika jina la malkia wake. Akauliza wenyeji, hili ziwa kwa kaskazini linaishia wapi? Speke anasimulia kwamba mtu aliyeulizwa alitupa mkono mbele akawa anadata vidole, kuonyesha umbali usio na kipimo, akasema labda linakwenda mpaka mwisho wa dunia.

Sasa fikiria lile jibu lilivyosafiri. Msukuma anasema kwa Kisukuma. Kuna mtu anayejua lugha ya hapo na Kiswahili, anamwambia Bombay kwa Kiswahili. Bombay anamwambia Speke kwa Kihindustani. Speke anaandika kwa Kiingereza. Swali nalo lilipita njia hiyohiyo kwenda. Ni kama ule mchezo wa shule ya msingi wa kunong'onezana kwenye mstari, wa mwisho akitoa neno lililogeuka kabisa.

Speke akarudi Tabora akamwambia mwenzake: nimepata chanzo cha Mto Nile. Burton akakataa kata kata. Na mojawapo ya silaha zake ilikuwa nini? Lugha. Katika kitabu chake alichotoa 1860 anasema Speke hakujua Kiarabu wala lugha ya wenyeji, kwa hiyo alitegemea Kihindustani kibovu kumuuliza Bombay, Bombay naye huenda hakuelewa vizuri, akakipeleka kwa Kiswahili kwa mtu mwingine, ambaye akakipeleka kwa lugha ya tatu, na katika safari hiyo ya kwenda na kurudi maneno lazima yapate ajali. Yaani mjadala mkubwa wa jiografia wa karne ya 19, uliogombanisha wasomi wa London, ulifika mahali ukawa unauliza: je, Bombay alitafsiri sawasawa?

Hoja ya Burton si ya kijinga, nakiri. Mtu yeyote aliyewahi kutafsiri anajua maneno huanguka njiani. Neno bahari lenyewe ni mfano mzuri: kwa Kiarabu asili yake inaweza kuwa bahari na hata mto mkubwa kama Nile. Lakini matokeo tunayajua. Nile kweli inatoka Nyanza. Burton mwenye lugha zake zote alibaki Tabora akipiga soga na Waarabu, na habari iliyopita kwenye vinywa vya watu wanne ikawa ndiyo ya kweli. Septemba 1864 wawili hao walipangiwa kuhojiana mbele ya wasomi mjini Bath, Uingereza. Siku moja kabla, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Katika mjadala ule, hakuna aliyefikiria kumwita Bombay aulizwe.

Nimeruka mbele kidogo, turudi. Speke alikuwa ameondoka tena Unguja mwaka 1860, safari hii na James Grant, na Bombay akiwa mmoja wa viongozi wa msafara. Wakapita Karagwe kwa Rumanyika, wakafika Buganda kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862. Kule barazani mnyororo ulirefuka. Speke anamwambia Bombay, Bombay anamwambia Nasib, mkalimani aliyejua Kiganda, ndipo maneno yanaelekea kwa Kabaka. Na ikulu ile ilikuwa na adabu zake: nani anakaa wapi, nani anasema kwanza, nani anapiga magoti, zawadi inatolewa vipi. Kukosea si kukosea maneno tu, unaweza kukosea maisha. Mtu wa katikati pale lazima ajue la kusema, na zaidi ajue la kumeza.

Tarehe 28 Julai 1862 Speke akafika pale mto unapotokea ziwani, mahali wenyeji walipopaita Mawe, ndiyo Jinja ya leo. Yeye akapaita Ripon, jina la bwana mkubwa wa chama chao cha jiografia. Akiwa na furaha zake akawaambia watu wake wanyoe vichwa waoge kwenye mto mtakatifu, mto wa Nabii Musa. Bombay akamjibu kwa utulivu kwamba wao hawayaoni mambo hayo kwa namna anayoyaona yeye. Wao wameridhika na maisha ya kawaida. Mambo yakienda vibaya ni mapenzi ya Mungu, yakienda vizuri ni mapenzi yake vilevile. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi. Mwenzake yuko kwenye kilele cha maisha yake, anataka kila mtu apande naye. Bombay anamwambia kwa heshima kwamba hicho kilele ni chako.

Baada ya hapo, wakiwa Bunyoro kwa Mukama Kamurasi, Speke akamtuma Bombay atangulie kaskazini kutafuta watu wa Mwingereza Petherick waliotakiwa kuwapokea. Akaenda, akarudi na habari. Msafara ukafika Gondokoro Februari 1863, ukashuka na Nile mpaka Cairo. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa Bombay medali ya fedha.

Mwaka 1871 akaja Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, anamtafuta Livingstone. Alipofika Unguja, mmoja wa watu aliowataka ni Bombay. Akamfanya mkuu wa askari wa msafara. Hapa ndipo tunaiona vizuri kazi yenyewe, na ufunguo wake ni neno moja: hongo.

Siku hizi hongo ni rushwa. Enzi zile hongo ilikuwa ushuru halali. Ukipita kwenye nchi ya mtemi, unamlipa. Ugogo ilisifika kwa hongo kwa sababu maji yalikuwa machache na wenye visima walijua thamani yake. Malipo yalikuwa vitambaa, shanga na nyaya. Kitambaa cheupe kilitoka viwanda vya Marekani, ndiyo maana hata leo tunakiita amerikani, na cheusi ni kaniki. Kipimo ni shuka na doti: shuka mikono minne, doti mikono minane. Mtemi anataja kiwango cha kutisha, msafara unataja kiwango cha kuchekesha, halafu watu wa katikati wanaanza kutembea kati ya hema na tembe, siku ya kwanza, siku ya pili, mpaka wanakutana. Anayetembea lazima ampoze mzungu anayetoa povu upande huu, na asimtukanishe mtemi upande ule. Ndiyo uhusiano wa umma huo, ama siyo?

Mfano mzuri uko Uha, mwishoni mwa 1871, karibu kabisa na Ujiji. Wakuu wa Uha waliudai msafara hongo baada ya hongo. Stanley akafura, akawaza kupigana, bunduki anazo. Akawauliza watu wake wakubwa, Bombay akiwamo. Ushauri ukawa: lipa. Hapa si mahali pa kupigana. Akalipa, na mbele walipoona hongo nyingine zinawasubiri wakatafuta mtu wa kuwaongoza wakatoroka usiku kupitia porini. Siku chache baadaye Stanley akamkuta Livingstone Ujiji na dunia nzima ikasoma habari hiyo. Wangepigana Uha, nadhani tungekuwa na habari nyingine kabisa ya kufundisha Kidato cha Pili.

Sasa, nisije nikaonekana namchora malaika. Wazungu hawa wote wamemlalamikia: anapenda pombe, anapoteza vitu, anasahau. Baadhi yake huenda ni kweli. Kama mkuu wa askari alikuwa pia sehemu ya ukali wa msafara kwa wapagazi. Na yeye mwenyewe alipigwa. Speke ameandika mwenyewe kwamba alimpiga ngumi kichwani kwa kubishia amri, Stanley naye ameandika mwenyewe jinsi alivyomchapa. Huyu ni mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini, mwenye medali. Yaani mshauri unamsikiliza jioni, asubuhi unamchapa. Sidhani kama tangazo la rumeti lina kipengele hicho.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa na Luteni Verney Lovett Cameron, kuanzia Bagamoyo mwaka 1873. Walikuwa Tabora Oktoba mwaka huo walipopishana na kina Chuma na Susi wakiupeleka mwili wa Livingstone pwani. Cameron akaendelea mbele, Ujiji, Kongo, Angola, mpaka wakaiona bahari ya Atlantiki Novemba 1875. Bombay alikuwa ameanzia bahari moja akatokea ya pili. Ukijumlisha na safari ya Nile, wanaomwandika hukadiria alisafiri zaidi ya kilomita 9,000 katika bara hili, nyingi kwa miguu. Mwaka 1876 chama kile cha London kikampa pensheni. Akafariki mwaka 1885.

Mwaka huo nataka tuuangalie, kwa sababu ndipo naona uzito wa mambo yote haya. Novemba 1884, miezi tu kabla ya kifo chake, Karl Peters alifika Msovero, Usagara, akaandikishana mkataba na Mangungo. Mangungo sote tunamjua, mpaka leo ukisaini kitu kibovu unaitwa Mangungo. Mkataba uliandikwa kwa Kijerumani. Mzee wa watu aliambiwa nini na mkalimani, na karatasi ilisema nini? Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya kuyatambua maeneo hayo kuwa chini ya ulinzi wake. Tumezoea kumcheka Mangungo. Mimi siku hizi nauliza: katikati yake na Peters alisimama nani, na alikuwa upande wa nani?

Swali hilohilo lazima nimuulize Bombay, hata kama nimeshampenda. Yeye alikuwa upande wa nani? Alilipwa na wageni. Ramani walizochora kwa msaada wake ndizo waliozifuata kina Peters. Alisema kwamba anafanya kwa ajili ya tumbo, na mtoto aliyeuzwa kwa vitambaa sina ubavu wa kumhukumu kwa kutaka kula. Lakini kila siku ulimi wake ulichagua neno, na neno lile lilimfaidisha mtu fulani. Kwenye hongo, neno zuri liliwaokoa wote, mgeni na mwenyeji. Kwenye ramani, liliwafaa wachache. Kwa hiyo rumeti wangu akipata kazi yake (namwombea), nadhani lugha tatu ni sehemu rahisi. Sehemu ngumu ni kujua unamsemea nani.

Na jambo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Bombay aliwatafsiri watu wote hawa, lakini yeye mwenyewe tunamsoma kwa tafsiri. Habari ya utoto wake, ile ya kijiji na deni na bunduki, alimsimulia Speke, na Speke akaiandika kwa Kiingereza cha kizungu cha karne ile. Mimi nimeisoma kwa Kiingereza, nimeirudisha kwa Kiswahili, ambayo kwake ilikuwa lugha ya pili. Kwa Kiyao, lugha aliyolilia mama yake, haipo. Maneno nayo yalipata ajali njiani, kama alivyosema Burton.

Pale Kensington, London, kuna mnara wa mawe wa kumkumbuka Speke. Kule Mwanza kuna Ghuba ya Speke. Mimi sina uwezo wa kujenga mnara. Nina chaki. Na nimegundua kwamba sisi tunaosomea ualimu ni watu wa katikati vilevile: kitabu kinasema kwa Kiingereza, mtoto anauliza kwa Kiswahili, nyumbani anaongea Kisukuma au Kigogo, na katikati umesimama wewe na kipindi cha dakika arobaini. Ukisema "alikuwa na mkalimani" ukanyamaza, umeshachagua upande.

Nimeandika barua kwa mwalimu wangu wa somo pale shuleni, nimemwomba amfikishie yule binti jibu lake. Nimeandika jina lote, Sidi Mubarak Bombay, na chini yake mistari mitano. Posta wamesema itachukua wiki moja hivi. Fildi ijayo, kabla sijaandika Burton wala Speke ubaoni, naanza na yeye.

Haya wadau, niwaache, mlo wa jioni kantini unakaribia kuisha na leo kuna maharage ya nazi. Tukutane tena panapo majaliwa.